Mstari wa Mwisho Nimeuvuka Mwenyewe

Jumamosi, mwisho wa Agosti. Upepo wa leo hapa Johannesburg ulikuwa wa kung'oa mabati, na nimerudi nyumbani nikiwa na udongo puani, masikioni, hata katikati ya meno. Nimeoga mara mbili na maji bado yanatoka mekundu.

Sijali! Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Leo nimemaliza mbio. Nina miaka thelathini na sita, nimeendesha magari ya mashindano kwa miaka sita, na leo ndiyo mara ya kwanza nimevuka mstari wa mwisho usukani ukiwa mkononi mwangu. Mume wangu alipoambiwa jioni hii alikunja uso, akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Haki ya Mungu, ni kweli." Hata yeye hakuwahi kuligundua.

Acha nieleze ilivyokuwa. Mimi na kaka yangu mkubwa, Wafula, tuna gari moja la mbio. Tunashindana kwenye barabara ya lami iliyojengwa kwa mashindano, ile yenye kona za kulia na za kushoto, vilima na miteremko, ambapo ukikosea mahali pa kukanyaga breki kwa hatua mbili tu unajikuta kwenye changarawe. Mbio ni za saa tatu, madereva wawili. Wafula anaanza, mimi ninaendesha saa ya katikati, Wafula anamaliza. Tulianza hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha, tukabaki hivyo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kila nikifunga mkanda ananiinamia dirishani na maneno yaleyale: "Nekesa, nitunzie gari." Nami ninamtunzia. Gari la kasi likija nyuma yangu, nalipisha. Kona ikiwa na fujo, nasubiri itulie. Saa yangu ikiisha natoka, yeye anaingia, halafu mimi nasimama ukutani na chupa ya maji nikimngojea avuke mstari. Akifika ananikumbatia na kusema, "Tumemaliza!"

Miaka sita nimeitikia hilo neno na kutabasamu. Leo nakiri: kila mara lilinichoma kidogo.

Sasa, Papa Ilunga. Huyu ni fundi wa bodi za magari kule Jeppestown, mtu wa Lubumbashi, ndiye anayetunyooshea gari letu kila tukiligonga. Yeye mwenyewe ana gari la kushindana kwenye uwanja wa udongo wa duaradufu huko East Rand. Ni gari kuukuu la kawaida lililotolewa viti vyote isipokuwa cha dereva, milango imechomelewa, dirishani kuna wavu, unaingia kwa kupitia dirishani kama mwizi. Wiki tatu zilizopita dereva wake alipata kazi Durban akahama, Papa Ilunga akaniuliza kama ninaweza kujaribu. Aliniuliza mimi, Wafula akiwa amesimama hapohapo!

Wafula alicheka mpaka akashika kiuno. "Kule ni kuzungukazunguka tu kama kuku mwenye kideri," alisema. Kwake yeye mbio ni hesabu: kona kumi na sita, kila moja na siri yake. Uwanja wa kona mbili, tena zote za upande mmoja, ni mchezo wa watoto.

Nikacheka naye. Kisha nikarudi Jeppestown peke yangu nikamwambia Papa Ilunga niko tayari. Na leo asubuhi nilimwambia kaka yangu kwamba nina mazoezi ya kwaya.

Ndiyo, nilimdanganya kaka yangu kwa kutumia kwaya ya kanisa. Mungu anisamehe, lakini kwanza anisikilize.

Wueh, huo uwanja! Kule kwenye lami watazamaji wanakuona mara moja kila baada ya dakika mbili, unapita vuu, halafu wanarudia simu zao. Huku wanaona kila kitu. Watu wamerudisha bakkie zao, yaani pikapu, mpaka kwenye uzio, wameweka viti nyuma, nyama ya braai inafuka moshi juu ya makaa, watoto wana mablanketi, bibi mmoja alikuwa anafuma sweta huku anatukana madereva kwa majina. Lori la maji linapita kunyunyizia udongo, udongo unakuwa mzito na mwekundu, halafu magari kumi na matatu yanaingia kwa pamoja na kifua kinaanza kutetemeka hata kabla hujapanda lako.

Mbio ya kwanza nilifanya aibu. Raundi ya pili tu niliona gari likinijia kwa kasi kwenye kioo, na mguu wangu ukaachia mafuta wenyewe, nikasogea pembeni kwa adabu kama mtu anayempisha mjomba mlangoni. Likapita. Na la nyuma yake likapita. Nikapisha na la tatu! Mwisho wa yote injini ikanizimikia nikiwa kwenye kona, mbio zikaisha nimekaa pale nikiangalia wenzangu wakipita, na bibi wa sweta akauliza kwa sauti kama mimi ni askari wa trafiki.

Papa Ilunga alikuja mbio, ovaroli imejaa matope mpaka magotini. "Mama! Huku hatuachiake mutu njia! Hata pasta, hatumuachie!"

Nilitaka kujitetea, nimwambie ndivyo nilivyofundishwa. Badala yake nilianza kujiuliza ni nani hasa niliyekuwa nampisha.

Sasa sikiliza utamu wa huu mchezo. Kule kwenye lami mwenye kasi ndiye anayeanza mbele, na aliye nyuma huwa nyuma siku nzima. Huku ni kinyume: aliyeshika mkia mbio ya kwanza ndiye anayeanza mbele mbio ya pili, na mshindi anapelekwa nyuma kabisa ajitafutie njia. Kwa hiyo mimi, wa kumi na tatu kati ya kumi na watatu, nikajikuta nimewekwa mbele ya watu wote, na wale madume kumi na wawili wananguruma mgongoni kwangu.

Niliogopa. Nikavuta glavu zikaze vidoleni.

Bendera ya kijani ikashuka, nikakanyaga. Kona ya kwanza nyuma ya gari ikaanza kuteleza, na huku ndiko inakotakiwa kuteleza! Unakata usukani kinyume na kona, unaendelea kukanyaga mafuta, gari linakwenda ubavu kama kaa, matope yanapiga wavu, halafu taratibu pua inarudi mbele na unapaa. Kwenye lami ningeambiwa nimeharibu. Huku watu walisimama kwenye bakkie zao wakipiga mayowe.

Wa kwanza alinipita raundi ya tatu, na alihangaika kweli kweli. Wa pili alinigonga ubavuni, nikamgonga naye, tukaenda hivyo nusu raundi kama watu wanaogombania mlango wa benki siku ya mshahara. Akapita, lakini kioo chake cha pembeni kilibaki kwangu. Baadaye wakapita watatu zaidi, kila mmoja kwa jasho lake. Mguu ulitaka kuachia mafuta mara mbili. Nikauambia kwa sauti, ndani ya helmeti, kwa Kibukusu, maneno ambayo mama asingependa kuyasikia. Haukuachia.

Raundi ya kumi nikaona mtu mnene ameshika bendera ya miraba myeusi na myeupe, anaipeperusha, na hakuna mtu mwingine kwenye kiti changu.

Nafasi ya sita.

Nililia nikiwa bado naendesha. Nilipofika kwa mafundi nilitoka dirishani, nikapanda juu ya paa la gari, mimi, mtu wa kitengo cha kudhibiti hatari benki, nikapiga vigelegele vya harusi mpaka sauti ikakauka. Papa Ilunga alikuwa anacheza. Watu nisiowajua walikuwa wananishika miguu.

Ndipo nikamwona Wafula.

Alikuwa amesimama karibu na lango la mafundi, mikono mfukoni, koti lake safi limeanza kuwa jekundu. Njia ya mwongo ni fupi. Papa Ilunga, bila ubaya wowote, alikuwa ameweka picha yangu ya helmeti kwenye WhatsApp asubuhi: "Dereva yetu mupya, mama Nekesa." Kaka akaiona, akawasha gari, akaja. Aliziona mbio zote mbili, kumbe.

Nilishuka kwenye paa nikiwa nimeandaa sentensi kumi za kuomba radhi. Hakuningoja nianze. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Miaka sita," alisema, "sijawahi kusikia ukipiga kelele hivyo."

Akanipigapiga begani, akaondoka. Niliangalia gari lake mpaka likapotea, na furaha yangu ikabaki imesimama pale haijui ikae au iondoke.

Nimewaza njia nzima ya kurudi. Mbio zinazofuata za Papa Ilunga ni Jumapili ileile tunayokimbia na Wafula kwenye lami. Papa Ilunga ameniomba jibu kesho baada ya ibada. Siwezi kuwa kotekote. Na sitaki kuidharau ile lami, kwa sababu ni nzuri, ina kona moja ya mteremko ambayo ukiipatia unajisikia umeandika jina lako kwa mwandiko mzuri. Ila kule nimekuwa mtunza gari. Huku nilikuwa dereva kwa raundi kumi, na sasa najua tofauti yake, na ukishajua huwezi kujifanya hujui.

Saa moja hii simu imelia. Wafula.

Hakusalimia. "Nekesa, nimefikiria. Mwezi ujao nitaanza mimi, lakini umalize wewe. Nilipaswa kukupa zamani. Samahani."

Kaka yangu kuomba samahani! Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Hayo maneno nimeyangojea miaka sita, na kama angeyasema mwezi uliopita ningeyaweka kwenye fremu. Leo niliyasikia, nikampenda sana, na nikajua papo hapo kwamba sitaki kupewa tena.

Nikamwambia. Nikiwa palepale sakafuni nilimwambia: "Asante, kaka. Tafuta dereva mwingine. Mimi nabaki kwenye udongo."

Nilisikia watoto wake wakigombania rimoti. Nilisikia akivuta pumzi, na nikaanza kuhesabu makosa yangu yote ya tangu utotoni.

"Sawa," akasema mwishowe. "Nimeelewa. Basi rudisha glavu zangu. Nilikuona umezivaa."

Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuangalia kuna nini. Wafula naye anacheka upande wa pili, anacheka na kupiga chafya za vumbi langu.

Sizirudishi.