Tangi la Choo na Jina la Baba Yako

Chumba cha Nyuma,
Nyumba ya Tatu kutoka Karakana.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Chiriku, mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu, na marahaba ya pili kwa wanao, maana najua hawajazoea kuamkia karatasi. Hamjambo huko mliko? Mumeo hajambo? Kikohozi cha yule mdogo kimekoma, au bado mnamfunga shingo kama mzigo wa nguo? Picha yenu nimeiegemeza kwenye chupa za dawa. Nikimeza kidonge namtazama mmoja, nikimeza cha pili namtazama mwingine. Siku hizi vidonge vimekuwa vingi kuliko ninyi.

Mimi nipo. Daktari amesema moyo umechoka. Nikamwambia una haki, umefanya kazi miaka themanini na miwili bila likizo hata ya siku moja. Akacheka, kisha akaacha kucheka, nikaelewa. Kwa hiyo usinitakie afya njema utakapojibu. Nitakie muda kidogo.

Muuguzi anayekuja asubuhi alitaka nimtamkie maneno, yeye aandike. Nimekataa. Leo ni siku ya nne niko kwenye barua hii, na mwandiko unapepesuka kama mlevi kwenye ngazi, lakini ni wangu.

Nimefurahi mno kusikia mmenunua trela ya kukunja. Nilidhani vitu hivyo vimeshakufa. Nilipoisoma sentensi ile nilisikia tena harufu ya turubai lililolala limekunjwa miezi kumi: vumbi, mafuta ya taa na sabuni ya mama yako. Unaikumbuka yetu, ile tuliyoiita Kobe? Baba yako alikuwa akizungusha ule mkono wa chuma, paa linapanda taratibu, mimi navuta vitanda huku na huku kama droo za kabati, na wewe unapiga kelele kwamba nyumba inaota mabawa. Mkazamjomba wako, Mungu amrehemu, hakukubali mtu yeyote aingie kabla hajafagia. Sakafu yenyewe ilikuwa hatua tatu kwa mbili, lakini alifagia kama ukumbi wa harusi.

Umeniuliza kuhusu choo. Umeuliza mtu sahihi, maana nimekula mshahara wa Bwana Afya miaka thelathini na minne kwa kuwafundisha watu mahali pa kujisaidia.

Kama kambi ina choo kizuri, tumieni hicho, na trela msiifungue mlangoni pake. Nzi wana miguu mifupi lakini wana subira. Hatua themanini zinatosha. Tatizo litakuja mvua ikinyesha, na yule mdogo akikwambia "Mama, sasa hivi!"

Kwa mvua hiyo wengine hubeba ndoo yenye kiti na mfuniko. Ndani unaweka mfuko mgumu, na kila mtu akimaliza anamwaga maranda ya mbao juu. Ndoo ni nyepesi, haiharibiki, na trela ikikunjwa inajipenyeza chini ya benchi. Lakini mfuko ule usiuzike porini. Uufunge, urudi nao mpaka panapopokelewa taka. Ukienda mahali pasipo na chochote, na wenye eneo wakaruhusu, beba koleo. Shimo liwe na kina cha kiganja na nusu, hatua mia kutoka kwenye maji, na ulifukie mwenyewe. Usimwachie mbwa kazi hiyo.

Kwa watoto watatu, mimi ningechukua choo cha kubebeka chenye matangi mawili: la juu la maji safi, la chini la uchafu na ile dawa yake ya buluu. Ila pima kwanza! Trela ikikunjwa, nafasi inayobaki kati ya sakafu na vitanda ni ndogo sana. Sisi tulinunua bila kupima, paa likagoma kufunga, na choo kikasafiri kiti cha mbele mapajani mwa mkazamjomba wako. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akamuuliza, "Mama, hicho ni nini?" Akajibu bila kupepesa, "Ni kiti cha mume wangu, ni mtu mkubwa serikalini." Tukapigiwa saluti.

Na nunueni kihema kidogo cha choo, msimamishe pembeni. Turubai huficha sura, halifichi sauti. Sisi tulitumia redio. Kila sauti ya redio ilipopanda ghafla, kambi nzima ilijua kuna mtu wetu ameketi. Baba yako alikuwa akiitikia kwa mbali, "Mtangazaji, tunakusikia vizuri!"

Nimeandika hayo yote kwa furaha, na pia kwa woga, maana nilikuwa nachelewesha linalofuata.

Katika barua yako umesema, "Mjomba nifundishe vizuri, sitaki yanipate ya Baba." Halafu ukasema wanao wamesimuliwa kisa cha babu yao, Bwana Buluu, na wamecheka mpaka wakalia. Najua hukuwa na ubaya. Umekua ukilisikia jina hilo kwenye kila harusi na kila karamu ya ukoo wetu. Lakini nililisoma nikalazimika kuvua miwani.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Kazi ya kumwaga tangi ilikuwa ya baba yako, kwa kupenda kwake. Alikuwa fundi bomba, na alisema, "Shemeji, uchafu na mimi tunafahamiana tangu ujana, niachie." Kila siku saa nne asubuhi alilinyanyua tangi lile kwa mkono mmoja, akapita katikati ya mahema yote akiamkia watu, hadi kwenye shimo la kambi lililokuwa ng'ambo ya pili. Akirudi alinawa mpaka kwenye viwiko, kisha akadai chai yake. Mimi nilikuwa nikimtazama namna anavyotembea, mgongo umenyooka, kama aliyebeba kikapu cha matunda.

Siku ya sita mtungi wa gesi ulikwisha, naye akaenda mjini kuubadilisha. Aliniambia, "Usiliguse tangi, nikirudi nitalipeleka." Lakini kile kidirisha cha kuonyesha tangi limejaa kilikuwa kimeshageuka chekundu, mama yako alikuwa anasubiri, na mimi nikaona aibu kuwa mwanamume mzima ninayengoja shemeji aje animwagie. Nikalichukua. Nilikuwa na nia njema, na ilidumu hatua ishirini hivi.

Kando ya njia ile ya shimo, mkuu wangu wa kazi alikuwa amepiga hema lake tangu jana yake. Alikuwa ameketi nje na mkewe wanakunywa kahawa. Ungedhani mtu wa afya angeinua tangi lake na kusema, "Mkuu, nafanya kwa vitendo." Mimi nilijiona nimesimama mbele yake na kinyesi cha familia mkononi. Nikageuka. Nyuma ya vichaka palikuwa na mfereji mkavu. Nikafungua kizibo nikamwaga humo, nikasukuma majani kwa kiatu, nikarudi napiga mluzi.

Chiriku, nilikuwa nimeandika kijitabu cha kurasa kumi na mbili kuhusu hatari ya kumwaga uchafu kwenye mifereji.

Saa nane ilinyesha mvua ya nusu saa. Saa kumi mtu akateka maji kisimani, yakatoka buluu kama wino uliochujwa. Kisima kilikuwa bondeni, mfereji uliishia pale, na trela yenye dawa ya buluu ilikuwa moja tu, yetu. Mlinzi wa kambi akaja na ndoo yake, na nyuma yake watu wote wa mahema, mkuu wangu akiwa miongoni mwao. Baba yako alikuwa ndio kwanza anashusha mtungi wa gesi garini.

"Nani humwaga choo hapa?" mlinzi akauliza.

Watoto wakamwonyesha baba yako kwa vidole. Na wewe ulimwonyesha, maana ndivyo ilivyokuwa kila siku. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua kinywa. Nilikifungua. Nikasema, "Ah, shemeji! Si nilikwambia upeleke shimoni?"

Sikukaa kimya tu, mwanangu. Kukaa kimya kungekuwa na nafuu. Nilisema, kwa sauti ya Bwana Afya, mkuu wangu akitikisa kichwa kwa masikitiko.

Baba yako alinitazama. Siwezi kusema ni muda gani, kwangu haujaisha. Kisha akamgeukia mlinzi akasema, "Ni kosa letu. Nipeni kamba na ndoo."

Alikikausha kisima kile kwa mkono, ndoo baada ya ndoo, hadi jua likazama. Mimi nilisimama ukingoni nikimwelekeza kiasi cha klorini. Mahema kumi na tisa yaling'olewa kesho yake, likizo za watu zikaharibika, nasi tukatangulia kufukuzwa jioni ileile. Hakuna aliyeugua, namshukuru Mungu. Kabla hatujafika nyumbani, mtu wa hema la jirani alikuwa ameshamwita Bwana Buluu, na jina likamnasa kama gundi.

Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo. Mwaka huohuo zahanati mpya ilihitaji fundi bomba, na baba yako aliomba. Nilikuwa kwenye kamati. Mkuu akasema, "Huyu si ndiye yule wa kisima?" watu wakacheka, karatasi yake ikawekwa kando. Nilicheka pia. Hakuna fundi aliyekuwa mwangalifu kuliko yeye katika mji ule, na mimi nilijua hivyo kuliko wote waliokaa pale.

Hatukwenda tena kambini. Kobe akauzwa. Baba yako hakunibadilikia hata siku moja. Alikuja kunitazama nilipovunjika mguu, akatengeneza bomba la jikoni mwangu, akacheka walipomwita jina lile. Mara mbili nilitaka kumwambia nasikitika. Mara zote mbili aliona linakuja, akanipa nafasi. Nikauliza habari za mpira. Halafu akafa, nami nikasoma wasifu wake makaburini, nikataja kisa cha buluu ili waombolezaji wapate kutabasamu.

Wiki mbili zilizopita nilimwita mama yako. Ni dada yangu, na ni mjane wa mtu huyo, nikaona nianze naye. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Aliendelea kukunja nguo zangu safi hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Aliniambia jioni ileile, garini, ninyi mko mbele mnaimba na watoto."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

"Alinikataza. Alisema, 'Kaka yako atasema mwenyewe, usimsaidie.' Nami sikukusaidia. Nilikuwa nakuja hapa kila wiki, kaka, nakusubiri."

Akaenda jikoni kuchemsha chai. Akarudi na kikombe kimoja, akaketi mbele yangu, akakinywa chote polepole. Sikumlaumu. Ameendelea kuja tangu siku ile, analeta uji na kubadilisha shuka, ila bado hajanitania, na wewe unajua dada yangu asipotania maana yake nini.

Jumamosi ndugu wote wanakuja kunitazama, maana habari za moyo wangu zimesambaa. Nitawaambia. Nimemwomba mama yako aketi karibu yangu kwa kuwa sauti yangu haifiki mlangoni. Amekubali kuketi, lakini amesema hatanisemea hata neno moja.

Nimekuandikia wewe kabla yao kwa sababu ya kile kidole chako cha miaka tisa. Huenda umeshasahau. Kama hujasahau, jua kwamba hukumshtaki baba yako. Ulijibu swali kwa ukweli kama mtoto mzuri. Aliyeshtaki ni mimi.

Sikuombi msamaha kwa haraka. Wewe ni mama, una kazi nyingi, na hili halina budi kukuchukua muda ambao mimi huenda sina. Ninaloliomba ni dogo zaidi na ni gumu zaidi: waketishe wanao uwasimulie upya. Waambie babu yao hakumwaga kitu mferejini. Waambie alikuwa akilipitisha tangi mbele za watu mchana kweupe, akiwaamkia, na siku ambayo mjomba wa mama yao alishindwa kufanya vile, babu alishika kamba akakausha kisima. Wakitaka kucheka, wamcheke anayestahili. Niko hai bado, naweza kuvumilia.

Nisalimie mumeo, na wale watatu kwa ukubwa na kwa udogo wao. Wadogo zako huku hawajambo, na mama yako anakusalimu sana. Nimemwonyesha barua hii kabla ya kuifunga, akaisoma mara mbili, akasema, "Tia stempu." Mungu awape safari zenye mvua chache na watoto wenye matumbo matulivu, na akupe wewe moyo mpana kuliko ule niliokuwa nao mimi.

Mjomba wako akupendaye, aliyechelewa.