Maharage Yaliyomwagika Kwenye Khanga

Mama yangu,

Shikamoo huko ulikolala. Nakuandikia kutoka Chang'ombe, kwenye kile chumba ambacho hukuwahi kukiona. Kila nilipokupigia simu uliniuliza dirisha lake linatazama wapi, nami nikawa nakujibu tu kwamba dirisha lipo. Linatazama ukuta wa jirani, mama. Sasa nimekwambia.

Kiwandani wametupunguza. Walituita mchana chini ya banda la kupakilia mizigo, kijana wa ofisini akasoma majina, na kila aliyetajwa akapewa barua ya Kiingereza. Katika barua yangu nilitambua jina langu na neno moja ambalo lilirudiwa mara nyingi: "redundant". Nikamuuliza Mbwana, ambaye tulisimama naye mashine moja miaka yote hii. Yeye alikuwa ameshaikunja ya kwake bila kuisoma.

"Maana yake tumezidi, braza. Sie ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi."

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani lile neno likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Unajua niliishia darasa la saba. Neno nisilolijua huniudhi, na hili lilikuwa limeandikwa karibu na jina langu. Nikampigia hodi Mwalimu Rehema, mpangaji mwenzangu anayefundisha Kiingereza sekondari. Alikuwa anachambua mchele. Alisoma barua, akaniambia pole, kisha nikamwomba anieleze lile neno lilikotoka, kwani maana yake nilikuwa nimeshaambiwa.

"Waingereza wamelirithi kwa Walatini wa kale," akasema. "Kwao lilikuwa neno la maji, ndani yake mna wimbi. Maji yanapanda, yanajaa mpaka ukingoni, halafu yanafurika na kumwagika nje. Likaja kuwa neno la chochote kilichozidi. Baadaye sana ndipo wakaanza kuwaita hivyo wafanyakazi wasiohitajika tena."

"Kwa hiyo mie nimemwagika."

"Usijiseme hivyo, kaka'ngu. Maji hayamwagiki kwa kosa la maji."

Nilirudi chumbani, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Ndipo nilipokukumbuka wewe, sokoni kwetu Njombe, umepiga magoti mbele ya gunia la maharage.

Ulikuwa unatandika ile khanga ya bluu chini, unaweka kopo juu yake, unajaza mpaka maharage yanasimama kama kichuguu. Mnunuzi akidhani umemaliza, unaongeza konzi nyingine, na maharage yanaporomoka pande zote. Yaliyobaki juu ya kopo yalikuwa ya mnunuzi. Yaliyoanguka hayakuwa yake, na wewe hukuyarudisha guniani. Ndivyo walivyofanya wanawake wote wa soko lile: yaliyomwagika yanakwenda nyumbani kwa muuzaji, yakapikwe. Ila hakuna aliyemwaga kama wewe, na wenzako hawakukuacha.

"Mama Tumaini, hilo kopo lako limepiga kilemba kumshinda shehe."

"Liache limwagike," ukawajibu. "Mimi nina watoto."

Nilipokuwa mdogo nilidhani ulikuwa unawapendelea wanunuzi tu. Jioni ulikunja khanga kwa pembe zake nne, ukaifunga, ukaibeba kichwani mpaka nyumbani. Mimi na Dada Tumaini tulichambua mawe, ukainjika chungu. Gunia lilikuwa la ada na la dawa. Sisi tulikula khanga.

Halafu nikakua, nikaja mjini, nikapewa kazi ya kupokea ndoo zinapotoka kwenye kalibu na kukata kwa kisu plastiki iliyofurika pembeni. Hiyo ndiyo kazi iliyouchosha mgongo wangu, mama: kukata kilichozidi. Hata hivyo vipande hatukuvitupa. Vilisagwa, vikarudishwa mashineni. Sikuwahi kuvifikiria mpaka wiki hii.

Nikwambie ukweli, sikutaka kurudi nyumbani. Nilimwona akilini Dada Tumaini kwenye ile nyumba yako, na mimi naingia na begi moja, mdomo wa ziada kwenye chungu chake. Kuzidi kiwandani nimeweza kuvumilia. Kuzidi nyumbani kwetu nisingeweza. Nikajiambia nitabeba mizigo sokoni Temeke, pamoja na mgongo huu ambao asubuhi haunyooki mpaka nishike ukuta.

Jumapili alipiga simu mwenyewe.

"Mbona sauti yako imelala?"

"Kazi imekwisha, dada."

Nikashindwa kusema yaliyobaki, nikamuuliza jambo jingine. "Bado unatandika khanga ya mama?"

"Natandika. Imechanika, nimeitia kiraka."

"Na yakimwagika?"

"Siku hizi nayarudisha guniani. Watoto wote wameshakwenda kwao. Nitampikia nani, mimi peke yangu?" Nikasikia anavuta pumzi. "Usinifanye nikuombe urudi, mdogo wangu. Nimezeeka mno kuomba."

Nilikaa na ile simu mkononi hata baada ya kukata. Mama, miaka yote nimekuwa nikiogopa kuwa kitu kilichozidi, na wewe ulitulea kwa hicho hicho. Ulikuwa unajua maharage yanakoangukia, kwa sababu khanga uliitandika mwenyewe kabla hujajaza kopo.

Nimemwachia Mwalimu Rehema jiko langu la mkaa na ile ndoo yangu nyekundu. Alikataa ndoo, nikamwambia nimeukata mdomo wake kwa mkono wangu, akaipokea. Mbwana amesema atanisindikiza stendi. Anasema chumvi haisafiri peke yake.

Nikifika nitapita kwanza pale ulipolala, nikusalimu kwa mdomo wangu. Kisha nitakwenda sokoni, nikae pembeni ya Dada Tumaini nimshikie gunia. Nimeshamwambia asirudishe tena hata punje moja. Ajaze kopo mpaka limwagike.

Nikuage hapa, mama, basi linaondoka alfajiri.

Ni mimi, kitinda mimba wako.