Mngoni Aliyeomba Kidole Changu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Wodi ya wanaume, Mtwara mjini. Rukia binti yangu kanitoa kijijini Mahurunga kwa nguvu, na korosho ndiyo kwanza zinadondoka. Naandika nisije nikasahau herufi. Mwandiko wangu ni wa kisomo cha watu wazima, lakini nilikuwa wa kwanza darasani. Mashahidi wamekufa.

Kidonda kiko chini ya kidole gumba, mguu wa kushoto. Palikuwa na ufa, nikaupaka mafuta ya maganda ya korosho kama tunavyofanya siku zote. Mafuta yale yanaunguza, mwanaume mzima analia. Mimi sikusikia kitu. Nikaongeza. Nimewaambia wote humu: Amiri hasikii maumivu. Sista Jesca, mkubwa wa wodi, akasema hilo ndilo baya, ugonjwa wa sukari umeufisha mguu. Sukari gani? Chai yangu naweka tangawizi tu.

Jumanne, 8 Oktoba
Leo kidonda kapewa mwanafunzi wa uuguzi, Veronika. Mikono inamtetemeka ndani ya glavu. Kaibandua bandeji kavukavu, ikatoka na nyama. Mimi nilikuwa natazama, yeye ndiye aliyefumba macho. Sista Jesca akamwambia polepole: lowesha kwanza, usivute. Basi akalowesha mpaka godoro likaoga.

Nikamuuliza kwao wapi. Songea. Mngoni? Ndiyo, babu. Nilicheka kitanda kikalia. Mimi Myao, yeye Mngoni — mtani wangu kabisa! Nikamwambia, babu zako walitukimbiza kwa mikuki, wewe unaogopa kidole. Akajibu bila kuinua uso: walichoka, babu, nyie Wayao mna mbio sana.

Mdomo anao. Mkono bado.

Alhamisi, 10 Oktoba
Leo kalowesha kidogo, kangoja, bandeji ikaja yenyewe. Nikamsifu, nikajisifu na mimi kwa kumvumilia.

Kisha akasema: fumba macho babu, nikikugusa mguu kwa pamba sema sasa. Mchezo wa watoto. Nikafumba, nikatega sikio kwenye pumzi zake na kiti kinavyolia. Mwindaji haoni, anasikiliza. Sasa. Sasa. Sasa. Nikajua nimeshinda, nikafumbua.

Veronika mikono iko mapajani. Pamba iko mezani. Akaniinamia: babu, mara hizi za mwisho sijakugusa hata kidogo. Kasema kwa sauti ya chini, jirani wa kitanda hakusikia.

Nikamwambia Wangoni wezi. Hakucheka.

Ugali wa muhogo wa Rukia niliubakiza.

Jumamosi, 12 Oktoba
Daktari kasema kidole kikatwe, kikibaki ubovu utapanda mguuni. Nimekataa. Nilikuja na vidole vyote, nitarudi navyo. Rukia kaenda kulia nje. Mbele yangu hathubutu, wanangu wote wananiogopa, nimewalea hivyo. Sista Jesca naye alinibembeleza kama jirani anayeomba chumvi. Nikageukia ukutani.

Jumapili, 13 Oktoba
Si zamu ya Veronika, lakini kaja, katoka kanisani na gauni lake. Kasimama miguuni pangu, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kilio cha msiba. Wodi nzima ikageuka.

Nikauliza, nani kafa?

Kidole chako, babu. Na wewe unajua msibani mtani ana haki yake. Nimekuja kuzika, nataka na kuku wangu. Babu zangu walichukua vijiji vizima, mimi naomba kidole kimoja, tena kimeoza, unaninyima. Wayao wachoyo!

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ndipo akakaa kitandani, akasema taratibu: ukininyima kidole, babu, nitarudi kuomba mguu. Mtani hana haya.

Nikaacha kucheka. Angeyasema mtu wa nyumbani kwangu, ningemfukuza. Mtani humkasirikii. Ndivyo tulivyozaliwa.

Nikamwambia kamwite daktari. Kuku utapata, nikasema, jogoo mkondefu, mwenye miguu kama yako.

Jumanne, 15 Oktoba
Kimetoka. Mkwe wangu, mume wa Rukia, kakizika Magomeni ya hapa mjini, kwenye makaburi. Sikuona, nilikuwa nimelala. Wanasema nililala vizuri kuliko wote.

Ijumaa, 18 Oktoba
Kidonda chekundu, safi. Veronika kakisafisha peke yake, Sista Jesca kasimama pembeni, mikono nyuma. Alilowesha, akangoja, akaendelea kunitania Wayao na mbio zao, na mikono imetulia kama ya mama anayesuka ukili. Sista akasema tu: vizuri. Mtoto akainama asionekane anatabasamu. Mimi nilimwona.

Nimewatangazia wodi nzima, huyu nimemfundisha mimi. Hakunibishia. Ana adabu.

Rukia kaniambia korosho zimeokotwa, nisiwaze. Nimekula vizuri.

Sasa Veronika kahamia upande wa mguu wa kulia, ule mzima, kashika pamba. Anataka kuupima na huu. Nimemwambia angoje nimalize mstari. Mguu huu nao una nyufa, nao niliupaka mafuta yaleyale. Sista alipouliza, nilisema huu yaliniuma. Nadhani yaliniuma.

Jirani kainua shingo anatazama. Mngoni ananiambia: bila ujanja, mtani.

Naweka kalamu, nafumba macho. Safari hii nisiposikia, nitanyamaza.