Mtu Mdogo Kando ya Mto

Jumatatu, 6 Machi 2006. Kitale
Karatasi za kidato cha pili bado sijasahihisha. Nimekaa tena na kitabu nilichoazimwa na Sista mmoja wa Bungoma: michoro ya Italia ya kale, iliyokwaruzwa kwa sindano kwenye bamba la chuma, ikachongwa na asidi, kisha ikachapwa karatasini. Miti mikubwa kama mawingu. Watu kama punje za mchele. Mmoja amebeba kuni, anaenda zake. Mlima ulio nyuma yake haumtishi. Nimetazama mpaka nikahisi baridi ya kivuli cha miti ile.

Jumatano, 8 Machi
Kaka yangu Wafula amepiga simu. Mama ameteleza tena mtoni, kule Tongaren. Wafula anataka tumlete kwangu mjini, shamba likodishwe. Nimekubali. Naogopa.

Jumamosi, 11 Machi. Tongaren
Mama analima. Sijamwambia kitu. Nimepanda kilimani kuchora. Mlima Elgon ulikuwa rangi ya moshi, kama unaelea. Mama chini, kitambaa chekundu kichwani, mdogo kabisa. Akiinama anapotea udongoni. Akiinuka, ni kama shamba lote limeinuka naye. Nimesahau kula.

Jumatano, 15 Machi. Kitale
Nimechora Tongaren kwenye bamba la zinki, bila Mama. Si hatakuwepo tena huko? Nikalitia asidi, nikachapa. Mlima upo. Mto upo. Pamekaa kama mahali pasipo na mwenyewe. Nimelia.

Ijumaa, 17 Machi
Nimemwongeza. Mistari michache tu, kando ya mto. Picha imepumua.

Jumamosi, 18 Machi. Tongaren
Nimempa Mama picha, kisha nikamweleza mpango wetu. Alirudi kuitazama picha.
“Ati huyu ni mimi? Mdogo hivi?”
“Ni wewe, Mama.”
“Na mnataka kunitoa hapo.”
Nikasema Wafula anaogopa. Hata mimi.
“Ogopeni basi. Lakini mje muogopee hapa.”
Nimempigia Wafula: Mama hahami. Amenikatia simu.

Jumapili, 26 Machi. Tongaren
Nimeomba uhamisho, nifundishe karibu na hapa. Sijajibiwa. Jana Wafula alikuja. Hakuniongelesha. Alichonga ngazi kwenye ukingo wa mto, akasimika miti ya kushikilia, akanywa chai, akaenda.
Usiku mvua ilinyesha. Sasa ukungu umefunika kila kitu. Mama ametoka kwenda kupanda mahindi. Simwoni. Nasikia jembe.