Kwako Verlin Ledford, Kuhusu Kituo Chako cha Piney Knob

Mwaka umetimia, mpenzi wetu Verlin, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya kuchuma matufaha, kahawa yako ikiwa bado ya moto mezani. Tumelia, tumecheka, na tumegombana kidogo nani achukue gari lako. Leo tumeona tukupe habari za nyumbani.

Ulikuwa mtu wa kutoa. Majirani wengi hawakuelewa ulichokuwa ukifanya kule ghalani, ila walijua kwamba ukiitwa unakuja. Ulikusanya vifaa vya mtandao ambavyo watu walishavitupa, ukavitia ile programu ya bure inayoandikwa na wapenda redio wa kujitolea kama wewe, kisha ukavipandisha kwenye paa la zimamoto, la zahanati na la kanisa. Kimoja ukakisimamisha juu kabisa mlimani, Piney Knob, kwenye malisho ya mzee Hobart Sams, na hicho ndicho kilichoviunganisha vyote. Vilitafutana vyenyewe hewani, bila kampuni ya simu. Mafuriko yalipokata kila waya bondeni, daktari wetu aliendelea kuandikiana na hospitali ya mjini kama kawaida. Wewe ulikuwa jikoni kwa watu wa zimamoto, unakula maharage na mkate wa mahindi, ukidai kwamba kazi imejifanya yenyewe.

Haikujifanya yenyewe, na sisi tuliokupelekea chakula ghalani tunajua. Uliwasaidia watu wa Oregon na wa Uhispania ambao hukuwahi kuwaona, waliokwama na programu hiyo hiyo. Ulipokuta kosa ndani yake ulilirekebisha, ukalitoa bure kwa wote. Mkwe wako Curtis alikuuliza kwa nini usiuze. Ulimjibu, "Na wale walioniandikia hiyo nyingine yote, mimi niliwalipa nini?"

Hatujasahau pia siku ulipobadilisha masafa ya kifaa cha nyumbani kabla ya kile cha mlimani. Kila mwenye mtandao kama wako anajua kwamba unaanza na cha mbali, maana ukianza na cha karibu vinaacha kusikilizana, na cha mbali hukipati tena isipokuwa kwa miguu. Ukapanda Piney Knob kwenye theluji. Rafiki yako Doyle, mwenyekiti wa klabu ya redio, alikutania redioni watu wote wakisikia: "Bwana Verlin, viatu vya theluji unavyo, au tukuchangie?" Ulimwambia aache kuchezea masafa ya umma.

Sasa mimi Nadine, mkeo, niseme langu.

Baada ya mazishi Doyle alikuja nyumbani, akaketi jikoni. Kisha akasema, "Shemeji, kituo cha mlimani kinarusha jina la Verlin la hewani, zile herufi za leseni yake ya redio. Sheria hairuhusu jina la marehemu. Lazima tukizime, mpaka mwenye leseni mwingine akichukue."

"Si ukichukue wewe?"

"Mimi niko tayari. Hobart hataki."

Nikapanda kwa Hobart. Unamjua yule mzee. Alisimama upande wa pili wa geti lake, akaniambia, "Mama, mimi nilipeana mkono na Ledford, sikupeana mkono na klabu. Aje Ledford mwenye leseni, nitafungua."

Kituo kikazimwa. Zahanati ikabaki na simu peke yake, na simu za huku upepo ukivuma tu zimekwenda. Mvua za masika zilikuwa mbele yetu. Binti yetu Rhonda alisema, "Mama, wewe hata rimoti ya televisheni unagombana nayo." Ni kweli. Ila Ledford aliyekuwa tayari kukaa na kile kitabu cha mtihani wa leseni alikuwa mimi.

Mara ya kwanza nilikosa kwa swali moja. Doyle alikuwa miongoni mwa wasahihishaji, akaniambia bila kupindisha, "Umeanguka, shemeji. Rudi mwezi ujao." Nilimheshimu kwa hilo. Nikarudi, nikafaulu, serikali ikanipa jina langu la hewani. Herufi zake ni mbaya kutamka, ungecheka.

Hobart alifungua geti. Aliyatazama yale maandishi ya leseni kwa muda mrefu, halafu akanibebea betri mpaka juu bila kuombwa. Nikawasha kituo, nikafungua kompyuta, na pale penye jina la kituo palikuwa bado na jina lako.

Nilikaa nalo kidogo, Verlin. Sikutaka kulifuta. Kufikia siku ile nilikuwa nimegawa nguo zako, nimegawa vifaa vyako, na sikusita namna ile. Hobart akauliza, "Kimekataa?" Nikamwambia, "Hakijakataa." Nikalifuta jina lako herufi kwa herufi, nikaandika langu, nikahifadhi.

Tukasubiri. Zahanati ikajitokeza kwenye skrini, kisha zimamoto, kisha kanisa, kila kimoja kikishika kingine. Doyle akaniita redioni kwa jina langu jipya, na kwa mara ya kwanza nikalijibu. Halafu nikalia, na Hobart akageuka kuwatazama ng'ombe wake mpaka nilipomaliza.

Jina lako halipo tena mlimani, mpenzi. Mvua zilikuja, simu zikakatika kama kawaida, na daktari hakukosa kuipata hospitali hata siku moja.

Tunaokukumbuka ni mkeo Nadine. Binti yako Rhonda na mumewe Curtis. Mjukuu wako Tessa. Kaka yako Harlan. Doyle na klabu nzima. Na Hobart Sams, aliyesema tusimwandike.

Hatutakusahau kamwe, Verlin.