Laini Yetu Inayokatika Asubuhi

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukafunika Karatu yote, kisha kwenye saa tatu upepo ukaufukuza. Niliufurahia upepo ule. Nilidhani unanisaidia.

Vidole vyangu vimesinyaa kwa maji ya sabuni, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe.

Leo saa nne ndiyo ilikuwa saa yangu ya mahojiano ya ufadhili wa kidato cha tano na sita. Yanafanyika kwa video, mwombaji akiwa peke yake mahali palipo kimya. Barua pepe ya wafadhili ilisema wazi: mawasiliano yakikatika mara tatu, mahojiano yatahesabiwa yamekwisha. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko maswali ya fizikia.

Sababu ni kwamba laini ya nyumbani kwetu inakatika.

Tuliunganishiwa mtandao mwaka jana: antena ya duara juu ya bomba refu la chuma kando ya nyumba, waya unaingia dirishani hadi kwenye ruta sebuleni. Kila jioni nikimaliza kusoma napima kasi, na kila jioni inatoka nzuri. Lakini Jumamosi mbili zilizopita, nilipofanya mazoezi ya mahojiano na mwalimu wangu wa kompyuta, sura yake iliganda mdomo ukiwa wazi, kisha ikapotea. Mara tatu. Nilimsumbua Baba apandishe kifurushi. Akapandisha. Namba za jioni zikaongezeka, na asubuhi laini ikaendelea kukatika vilevile.

Mwalimu ndiye aliyenieleza kosa langu la kwanza. Kasi, alisema, ni kiasi gani kinapita laini ikiwa wazi. Uthabiti ni kama laini inabaki wazi. Mazungumzo ya video hayataki kasi kubwa, yanataka laini isiyoshtuka. Akanifundisha kutuma ujumbe mdogo kila sekunde na kutazama majibu yakirudi, mstari kwa mstari. Usiojibiwa, umepotea. Nilielewa, lakini nikaendelea kupima jioni, kwa sababu asubuhi za kawaida niko shuleni.

Kosa la pili ni aibu zaidi. Fundi wa mtandao alikuja kwetu Jumanne mbili, zote alasiri, na zote akakuta kila kitu kizima.

"Mdogo wangu," alisema akicheka, "nikija inafanya kazi, nikiondoka inazima. Nadhani inanipenda."

Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba wao kazi yao ni kuangalia taa ya kijani na kuondoka, na kwamba asubuhi wanatupunguzia makusudi ili wawape wenye hoteli.

Mama aligeuka kama aliyechomwa. "We! Hiyo ndiyo heshima niliyokufundisha? Mletee kaka yako chai, na uombe radhi."

Chai nilileta. Radhi niliomba kwa mdomo tu.

Leo basi. Baba yuko kreta ya Ngorongoro na watalii tangu Alhamisi, mdogo wangu nilimpeleka kwa jirani, na saa tatu na nusu nilikuwa mezani na sare ya shule, kompyuta ya kuazima mbele yangu. Nikaanza kutuma ule ujumbe mdogo. Majibu yakarudi yote. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Saa nne kasorobo, mstari mmoja bila jibu. Kisha miwili. Kisha sita mfululizo.

Nje nilimsikia Mama akikung'uta mashuka. Yeye hufua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo barabara ya Ngorongoro, na siku ya Jumamosi ndiyo yanakuwa mengi. Sikumfikiria hata kidogo. Nilimfikiria fundi, kwa hasira.

Saa nne kamili wahojaji walitokea kwenye skrini: mama mwenye miwani na baba mmoja mpole. Wakaniuliza kwa nini nataka kusoma sayansi. Nilifika kwenye neno "kwa sababu" na picha ikaganda.

Moja.

Nikarudi baada ya dakika moja. Nikaomba radhi, nikaanza tena. Safari hii nilisema sentensi mbili nzima.

Mbili.

Niliitazama ile skrini tupu. Nikampigia fundi. Sikumsalimia, nilisema tu, "Kaka, imekatika, niko kwenye mahojiano, naomba unisaidie." Angeweza kunikumbusha maneno yangu. Badala yake aliuliza taa ya ruta ni rangi gani, nikamwambia, akasema, "Toka nje. Angalia antena. Inatazama wapi?"

Nikatoka mbio.

Antena ilikuwa inatazama paa la jirani. Bomba lilikuwa limepinda, na kutoka kwenye bomba ilitoka kamba ya nguo iliyobeba mashuka manane mabichi, yametuna kwa upepo. Kila upepo ulipovuta, antena iliinama. Ulipotulia, ilirudi nusu. Nikamweleza ninachokiona.

"Hiyo haisikii pande zote kama redio," fundi alisema kwenye simu. "Inautazama mnara mmoja tu. Ikigeuka kidogo, imepotea. Nani kafunga kamba hapo?"

Mimi.

Nguzo ya zamani ya kamba ililiwa na mchwa, na Mama alitaka mashuka yaanikwe juu sana, kwa sababu vumbi letu jekundu likigusa shuka jeupe ni kufua upya. Nikapanda ngazi nikafunga kamba kwenye bomba, fundo zuri sana, nikasifiwa. Alasiri mashuka huwa yameshaanuliwa. Jioni bomba limesimama wima, nami napima kasi na kutabasamu.

Mama alikuwa amesimama hapo, vibanio viwili mdomoni. Alinitazama mimi, akatazama kamba, akatazama juu. Akavitoa vibanio.

"Ni kamba?"

"Ni kamba, Mama."

Kufungua fundo kulitaka ngazi na muda. Kukata kulitaka kisu. Lakini mashuka yalitakiwa kwa wageni saa saba, na chini palikuwa na vumbi na matope ya maji ya kufulia. Naandika hapa ukweli: nilitaka akate, na niliogopa kumwomba.

Sikumwomba. Aliingia jikoni, akatoka na kisu, akakata. Mashuka yote manane yalilala kwenye udongo mwekundu, na bomba likarudi wima kwa kishindo.

"Unanitazama nini? Nenda!"

Niliporudi kwenye skrini yule mama mwenye miwani aliniuliza, "Mtandao wa kwenu una shida gani?" Kulaumu kampuni kulikuwa kunaniwasha ulimini. Nikasema, "Nilifunga kamba ya nguo kwenye nguzo ya antena. Mama ameikata sasa hivi." Walitazamana. Yule baba akainamisha kichwa akiandika, sijui aliandika nini.

Dakika ishirini na tano. Haikukatika. Nilikuwa nasikiliza swali kwa sikio moja na upepo kwa jingine.

Nilipotoka, Mama alikuwa amejaza beseni upya. Nilivua sweta la sare nikainama karibu naye. Mwenye nyumba ya wageni alipiga simu mara mbili, na mara zote Mama alijibu kwa upole kuwa leo tumechelewa, atusamehe. Fundi nimemwandikia ujumbe mrefu. Amejibu: "Usijali, mdogo wangu. Jumatatu nakuja kunyoosha bomba."

Tukafika shuka la mwisho. Tulilishika ncha mbili, tukalisokota kukamua maji, ndipo akasema, "Walikuuliza nini?"

Nikamweleza swali moja moja, na majibu yangu yote.

"Na ulimaliza kusema?"

"Nilimaliza, Mama."

Akaendelea kusokota.

Majibu yatakuja kwa barua pepe. Sijui kama nimepata, ila leo natumaini zaidi ya jana. Kesho baada ya ibada nitachimba shimo la nguzo mpya, upande wa pili wa ua. Mama amesema nichimbe refu.