Mama Mkwe Anayataka Maji Aliyooga Mama Yangu

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie kabla theluji haijashuka kutoka mlimani, kwa maana ikishashuka sitakuwa na la kuuliza tena. Mimi ni mke wa mkulima wa matufaha, nyumba yetu iko chini ya mlima Iwaki, na safu yako huisoma kila inapotoka baada ya kuosha vyombo, lakini sikudhani hata siku moja kwamba ningekuandikia, kwa sababu mambo ya nyumba yetu hayana desturi ya kutoka nje. Majina niliyoyaandika humu si yetu.

Kwetu nilikozaliwa ni Morioka. Nilipoolewa na Kiyotaka, mama yake, Bi. Tsuya, alinieleza jioni ya kwanza zamu ya kuoga ya nyumba ile: baba mkwe kwanza, kisha mume wangu, kisha yeye mwenyewe, kisha watoto tutakaojaliwa, na mimi mwisho, katika maji yale yale, na nikimaliza nilisugue hodhi. Sikulalamika, mama yangu naye aliishi hivyo kwa wakwe zake, nikazoea kuoga maji yaliyopoa kama chai iliyosahauliwa, na hata leo silalamikii hilo. Ninalolalamikia ni jingine.

Vuli moja kaka yangu alipiga simu kutoka Morioka kwamba mama yetu amezidiwa. Zilikuwa siku za kugeuza matufaha, unapopanda ngazi na kuligeuza kila tunda mtini ili upande uliokuwa kivulini nao upate jua na wekundu, na kila mkulima anajua kwamba siku hizo zikipita hazirudi. Nilikwenda hadi chini ya ngazi ya Bi. Tsuya nikamwambia. Hakushuka. Aliniambia akiwa huko huko juu, mikono yake ikiendelea na kazi, "Matufaha hayamngoji mtu. Mama yako ana mwana wa kiume na mke wake. Utakwenda tukimaliza upande wa mtoni."

Nikarudi kwenye ngazi yangu. Tulipomaliza upande wa mtoni nilipanda gari moshi, na nilipofika walikuwa wamekwisha kumfunika uso kwa kitambaa cheupe. Mke wa kaka yangu aliniambia kwamba kila mlango ulipofunguliwa mama aliuliza ni nani.

Mama yangu alikuwa na raha moja tu maishani, Mshauri. Kila vuli, baba akishazima tanuru lake la kuyeyushia chuma, yeye nami tulipanda basi kwenda chemchemi za maji moto nje ya mji, mlima wa kwetu, Iwate, ukiwa umeanza kuwa mweupe kileleni, tukaoga pamoja, akaniosha mgongo nami nikamwosha wake. Hata nilipokwisha kuolewa alikuwa akinipigia simu na kusema, "Mgongo wangu unakungoja." Vuli ile alikuwa amesema hivyo pia.

Sasa moyo wa Bi. Tsuya umechoka, na daktari ametuambia kwa maneno ya upole kwamba huenda asiyaone maua ya matufaha. Mavuno yalipokwisha, jioni moja tukiwa mezani, aliweka vijiti vyake chini akasema anataka kupelekwa Morioka, akaoge maji aliyokuwa akioga mama yangu, na wa kumpeleka ni mimi. Mume wangu akacheka, akamwambia, "Mama, maji moto tunayo hapa hapa chini ya Iwaki, yanabubujika yenyewe, uvuke milima kuyafuata ya watu?" Mama yake akamjibu, "Nimekuuliza wewe? Kula figili zako." Basi akala figili zake.

Wifi yangu Mitsuyo, aliyeolewa Sendai, alipopata habari alinipigia simu akaniambia mama amekuwa mtoto. "Wifi, mpeleke popote karibu, mwambie ndiyo Morioka. Maji ni maji, atajuaje?" Mimi sikufanya hivyo, lakini nilifanya langu. Nilimwambia Bi. Tsuya kwamba nimepiga simu na nyumba ya wageni ya kule chemchemini imejaa. Sikupiga simu yoyote. Yeye alisema, "Basi tutangoja," na tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza kama nafasi imepatikana, nami ninamjibu bado. Vitu vyake amekwisha kuvifunga katika kitambaa na kuviweka karibu na mto wake. Nilipokuwa nikitandika nilikifungua: nguo za ndani, dawa zake, na mataulo mawili.

Juzi lilitokea la kunivunja kabisa. Maji ya kuoga yalikuwa tayari, na tangu augue yeye ndiye anayetangulia, nikaenda kumshika mkono nimpeleke, akaninyang'anya mkono wake akasema, "Tangulia." Nikamwambia, "Mama, maji ni yako." Akasema, "Nina masikio. Nimesema tangulia." Nikaingia, Mshauri, wa kwanza, katika hodhi nililolisugua tangu ujana wangu, na sikujua kwamba maji ya nyumba ile huwa ya moto vile. Nililia humo. Na usidhani nililia kwa kulainika. Nililia kwa hasira, kwa sababu niliona anataka kunilipa mama yangu kwa hodhi moja la maji, na bado hajasema neno.

Nieleze nifanye nini. Nikimpeleka, nitakaa nyuma yake nimwoshe mgongo mtu aliyeninyima mgongo wa mama yangu, na tena mahali pale pale. Nisipompeleka, naye akafa kile kitambaa kikiwa bado karibu na mto wake, nitakitazamaje?

Kazue, mke wa mkulima

*

Kazue mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa kuirudia, na nimelazimika kuupunguza moto wa jiko ili chakula kisiungue. Pole kwa mama yako. Kuuliza "ni nani" kila mlango unapofunguka ni jambo ambalo anayelisikia hawezi kulisahau, na asiye na hasira baada ya hapo hana moyo. Hasira yako ni halali. Sitakuomba uitupe.

Lakini uongo wako si halali. Umemdanganya mgonjwa ambaye hana asubuhi za kupoteza, na kila asubuhi unamdanganya upya. Wifi yako alitaka kumdanganya kuhusu maji. Wewe umemdanganya kuhusu mlango. Kati yenu sioni aliye afadhali. Ukimaliza kusoma gazeti hili, piga simu Morioka.

Sasa nisikilize, maana nitasema mawili ambayo hutayapenda. Barua yako ni ndefu, lakini siku ile ya ngazi mume wako hayumo. Alikuwa wapi? Nadhani alikuwa kwenye ngazi ya tatu, amenyamaza, anageuza matufaha, na miaka yote hii umembebesha mama yake mzigo wa watu wawili. La pili ni wewe. Najua tulivyolelewa, mkamwana haondoki shambani kabla ya mama mkwe kumruhusu, kwa hiyo mimi sikulaumu. Ila wewe unajilaumu. Uliandika "nikarudi kwenye ngazi yangu" kisha ukapita haraka. Sehemu ya hasira unayompa Bi. Tsuya ni yako mwenyewe, na mwanamke yule akifa utabaki nayo peke yako, bila wa kumkabidhi.

Unasema hajasema neno. Ni kweli, na neno lilistahili kusemwa zamani. Mimi pia ninaona amechelewa. Lakini mtu aliyeikosea nyumba huenda mwenyewe kubisha hodi mlangoni, na huyu ameomba kwenda. Angeweza kuomba aletewe daktari wa Sendai, au aletewe binti yake. Ameomba kwenda kwa mama yako. Labda anaogopa kukutana naye huko mbele kabla hajapita kwake hapa. Sitakuambia kwamba mama yako angefurahi. Simjui mama yako, na wanaosemea marehemu mara nyingi hujisemea wenyewe.

Fanya hivi. Mwulize daktari kwanza kama moyo wake utastahimili, na akikubali, mpeleke siku ya kazi ambapo hakuna watu wengi. Kiyotaka aendeshe gari. Anajua kunyamaza, basi na afanye kazi hiyo akiwa amenyamaza. Kabla ya maji, piteni kaburini kwa mama yako. Bi. Tsuya afukize ubani kwa mkono wake mwenyewe, nawe usimame nyuma na usimsaidie maneno. Akisema kitu, kisikie. Asiposema, mshike mkono mrudi garini, kwa maana baridi ya kaburini haina adabu kwa wazee.

Katika maji asikae sana, na yasimpite kifua. Mpe maji ya kunywa kabla na baada. Mwoshe mgongo kama unavyomwosha mgonjwa yeyote, wala usitafute kuhisi kitu. Kisha akikuambia ugeuke, geuka. Kuna mataulo mawili katika kile kitambaa, Kazue, na wewe uliyahesabu bila kujiuliza la pili ni la nani.

Sikuamuru umsamehe. Ukiingia na hasira ukatoka nayo, mfute maji, mvike nguo nzito, mrudi nyumbani. Utakuwa umempeleka, na hilo halitakuja kukuamsha usingizini. Lakini usingoje theluji ikuamulie jambo ambalo ni lako kuamua. Uliwahi kungoja upande wa mtoni uishe, na unajua ulichokikuta.

Kesho asubuhi atakuuliza tena kama nafasi imepatikana. Kaa chini karibu na mto wake, umtazame usoni, umwambie, "Ipo, Mama. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza." Kisha, daktari akikubali, umchukulie kitambaa chake, mwondoke.

Bi. Narumi